Mbio za Barabarani za Sikukuu Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya waandaaji: kamati za mtaa, klabu za jogging, shule, vikundi vya vijana na yeyote anayetaka kuweka mbio mwishoni mwa mwaka. Mkimbiaji naye anaweza kusoma ili ajue adai nini. Hesabu zote zimepigwa kwa mbio za kilomita 10 zenye washiriki 400. Kama wako ni 200, gawa kwa mbili, isipokuwa pale tulipoandika usigawe.

Tuweke tarehe gani?

Zinazogombaniwa ni tatu: 9 Desemba (Siku ya Uhuru), 26 Desemba na 1 Januari. Tunapendekeza 26 Desemba. Tarehe 9 halmashauri na polisi wana shughuli zao za kitaifa, na wageni kutoka Dar es Salaam bado hawajateremka. Tarehe 1 Januari nusu ya waliojisajili hawataamka, na walioamka hawajalala.

Angalia inaangukia siku gani. Mwaka 2026 tarehe 26 ni Jumamosi, safi kabisa. Mwaka 2027 ni Jumapili, kwa hiyo ongea na makanisa yaliyo kwenye njia kabla hujachora ramani. Ikiangukia Ijumaa haina tatizo mradi barabara ifunguliwe mapema na jukwaa lishushwe kabla ya watu kuanza kwenda msikitini. Ramadhani haitagusa sikukuu za Desemba mpaka mwishoni mwa 2030, ila wanaofikiria Januari waangalie kalenda vizuri, maana inasogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Kwa nini mnasisitiza saa 12 kamili asubuhi? Si mapema mno?

Hapana. Ratiba nyingi za mazoezi zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa na watu ambao Desemba yao ni ya theluji na makoti. Desemba ya Mtwara ndiyo mwezi wa joto: mchana hufika nyuzi 31 au 32, alfajiri haishuki sana chini ya 23, na hewa ya pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 50 mwezi Julai asishangae kuona dakika 54 siku ya mbio.

Jua hapa huchomoza dakika chache kabla ya saa 12, na mwanga wa kuona njia upo tangu saa 11:40 hivi. Ukianza saa 12:00 kamili, wanaoswali alfajiri wameshaswali, wa mbele wanamaliza saa 12:35, na wa mwisho, ukiweka kikomo cha saa 1 na dakika 45, yuko mstarini saa 1:45. Ukianza saa 1:30, huyo wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mwili mzito na mazoezi machache, anamaliza saa 3:15 juani.

Mgeni rasmi akichelewa?

Hili ndilo swali la kweli la mbio zetu, na ndilo linaloharibu mengi kuliko mvua. Watu 400 wamepanga mstari, wameshapasha misuli, MC anapiga singeli na kusema "dakika tano tu ndugu zangu", na jua linapanda. Ukikaa hivyo dakika 50, umekwisha kuhamisha mbio zako kutoka kwenye ubaridi kidogo kwenda kwenye joto. Maji ya vituoni yameanza kunywewa na wasimamizi, na trafiki uliowaombea mpaka saa 2 wanaangalia saa.

Dawa yake ni kwenye barua ya mwaliko. Usimwalike mgeni rasmi kuanzisha mbio, mwalike kukabidhi zawadi. Andika wazi: "Mbio zitaanza saa 12:00 asubuhi, Mheshimiwa anatarajiwa kuwasili saa 1:30 na kukabidhi zawadi saa 2:00." Peleka nakala kwa katibu wake na umpigie simu siku moja kabla. Anayepuliza filimbi ya kuanza awe mtu anayelala karibu: diwani wa kata, mwenyekiti wa mtaa, au mzee wa riadha wa mji. Hakuna kiongozi aliyewahi kukasirika kwa kuambiwa aje saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili.

Je, tuweke nusu marathoni?

Kwa Desemba, hapana, isipokuwa una gari la wagonjwa zaidi ya moja na uwezo wa kuanzisha saa 11:15 gizani ukiwa na taa barabarani. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, mtu wa kawaida atakuwa nje saa mbili na nusu au zaidi. Weka kilomita 10, kilomita 5 na kilomita 2 za watoto. Wenye hamu ya umbali mrefu waandalie mwezi Julai, upepo wa kusi ukivuma.

Vibali tunaomba wapi na lini?

Anza siku 90 kabla. Barua ya kwanza inaenda kwa afisa michezo wa halmashauri, na nakala chama cha riadha cha mkoa, maana Riadha Tanzania ndio wanaosimamia mchezo wenyewe. Ya pili kwa Mkuu wa Wilaya. Ya tatu kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), ukiambatanisha ramani yenye saa za kufunga na kufungua kila kipande, na nakala kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa.

Halafu mwenye barabara. Hapa wengi hukwama kwa kupeleka barua kusiko. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaani na za wilaya ni za TARURA. Njia yako ikigusa zote mbili, barua ni mbili. Mtwara, ukiingia tu barabara ya kwenda Mikindani na Lindi uko kwa TANROADS.

Barua ya hospitali isisahaulike: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Omba gari la wagonjwa na wauguzi wawili, na uandike kabisa kwamba mafuta na posho vitatoka kwenu. Barua isiyotaja mafuta huwa hairudi.

Njia ipite wapi?

Pendelea mzunguko wa kilomita 5 ndani ya mji, upigwe mara mbili. Kituo kimoja cha maji kinahudumia mara mbili, wasimamizi ni nusu, na mgonjwa hawi mbali na hema la huduma. Mtwara, eneo la Shangani kuja katikati ya mji lina barabara pana na magari machache asubuhi ya sikukuu. Lindi mjini, baki upande wa chini karibu na bahari. Milima iliyo nyuma ya mji ni mizuri kwa picha, si kwa mbio za kwanza.

Kukimbia kwenda Mikindani kunavutia, na wadhamini hulipenda wazo hilo kwa sababu ya historia ya mji. Lakini ni barabara kuu, ina malori ya saruji, na Desemba ni msimu wa korosho, kwa hiyo kuna malori mengine yanayokimbilia maghalani na bandarini hata siku ya sikukuu. Kama ni lazima, iwe ya upande mmoja, washiriki wasizidi 150, na mabasi ya kuwarudisha yawe yameshalipwa. Kwa Lindi, njia panda ya Mnazi Mmoja, zinapokutana barabara za Lindi, Masasi na Mtwara, usiiguse kabisa.

Tunapimaje kilomita 10? Simu haitoshi?

Haitoshi. Simu na saa za mkononi hurukaruka kwenye kona, chini ya miembe na kando ya majengo, na kawaida husoma zaidi. Kwenye njia iliyopimwa sawasawa, saa ya mkimbiaji itaonyesha 10.1 hata 10.2. Ukipima kwa simu ukaishia inaposoma 10.0, umetengeneza njia fupi, na muda wa kila mtu ni wa uongo.

Duniani kote njia hupimwa kwa baiskeli. Wapimaji rasmi hufunga kwenye gurudumu la mbele kifaa kinachoitwa kihesabio cha Jones. Kwa mbio za mtaani unaweza kufanya hivi:

1. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na magari. Pima mita 300 kwa futi ya chuma ya mafundi ujenzi, ile ya mita 50. Futi ya kitambaa au plastiki inavutika, iache.
2. Jaza upepo tairi la mbele mpaka liwe gumu. Weka kwenye gurudumu hilo kihesabio cha mizunguko na alama ya rangi ubavuni mwa tairi, ili usome hata nusu na robo ya mzunguko.
3. Endesha zile mita 300 mara nne, kwa mstari mnyoofu, mwendeshaji yuleyule. Chukua wastani. Tuseme umepata mizunguko 136.5, basi mzunguko mmoja ni mita 2.198.
4. Pima njia. Ongeza mita 1 kwa kila mita 1,000 kama kinga ya njia kuwa fupi. Kwa hiyo unatafuta mita 10,010, ambazo kwa mfano huu ni mizunguko 4,554.
5. Rudi kwenye mita 300 uendeshe tena mara nne. Namba ikibadilika, tumia wastani wa asubuhi na baadaye.

Namba itabadilika. Lami ikipata moto, upepo ndani ya tairi hutanuka, tairi hukua kidogo, na kila mzunguko unameza barabara zaidi. Ndiyo maana tunapima alfajiri, na ndiyo maana hatua ya tano hairukwi. Tairi likipata pancha katikati, kila kitu kinaanza upya.

Kosa la pili ni mstari wa kuendesha. Mkimbiaji atakata kona, nawe kata: pita sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa kona, na kati ya kona mbili nenda moja kwa moja. Ukiendesha katikati ya barabara kama gari, wakimbiaji watakimbia pungufu ya ulichopima. Mwisho piga msumari wa lami kwenye mwanzo, kila kilomita na mwisho, kisha andika umbali wake kutoka nguzo ya umeme iliyo jirani. Rangi peke yake hufutwa na mvua ya kwanza.

Maji kiasi gani?

Vituo kwenye kilomita 2.5, 5 na 7.5, na maji mengi zaidi mwishoni. Kila mkimbiaji mhesabie vikombe viwili vya mililita 200 kwa kila kituo: kimoja cha kunywa, kimoja cha kujimwagia kichwani. Hiyo ni lita 160 kwa watu 400. Weka lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20. Vituo vitatu ni lita 600. Mwishoni weka lita 1 kwa kila mtu, lita 400. Jumla lita 1,000. Vikombe ni 2,400 vya njiani, nunua 2,700.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio, si kiasi. Meza moja yenye watu wanne huzidiwa na kundi la katikati. Weka meza tatu kwa kila kituo, zikiachana mita 5, zote upande mmoja, na vikombe 150 viwe vimeshajazwa kabla ya mtu wa kwanza kutokea. Jaza robo tatu tu, kilichojaa pomoni humwagika chote mkononi. Watoaji wawili kwa kila meza na mmoja wa kujaza. Kama njia ni mzunguko wa mara mbili, kituo hichohicho kinahitaji madumu ya raundi zote mbili, na hapo usigawe.

Maji ya kufunga kwenye vifuko vya plastiki achana nayo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na siku ya mbio maafisa wote watakuwepo wakitazama.

Madafu mwishoni ni jambo zuri na yanapatikana. Yana potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo yaandamane na korosho zilizotiwa chumvi au mihogo. Na MC asiwahimize watu "kunyweni, kunyweni" bila kipimo: anayekunywa maji matupu lita nyingi kupita jasho analotoa anapunguza chumvi ya damu, na hilo nalo hulaza mtu hospitali.

Mtu akianguka kwa joto tufanye nini?

Tofautisha mambo mawili. Aliyechoka, anayesikia kizunguzungu lakini anajibu jina lake na mtaa anaokaa: mlaze kivulini, miguu juu, mpe maji au ORS (pakiti moja kwa lita moja).

Anayeongea ovyo, anayepigana na wanaomsaidia, anayeyumba kama mlevi au amezimia, huyo chukulia amepigwa na joto mpaka ithibitike vinginevyo. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na kila dakika ina gharama. Kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anawaka ni kumkaanga njiani.

Utahitaji turubai la mita 2 kwa 3, madumu 6 ya maji na mabonge ya barafu. Barafu nunua kwa wanaowauzia wavuvi, jioni ya siku iliyotangulia, gunia mbili, uifunike kwa maranda. Mlaze mgonjwa katikati ya turubai, watu sita washike kingo na kuziinua liwe kama beseni, mimina maji na barafu mpaka yafunike kifua, huku mmoja akishikilia kichwa kisizame na mwingine akiyakoroga maji. Endelea mpaka fahamu zirudi au muuguzi aseme basi. Kwa kawaida ni dakika 10 mpaka 20. Usimpe panadol, haishushi joto la aina hii. Usimnyweshe chochote kama hajitambui.

Zoezi hili lifanyeni mara moja wiki ya mbio, mkiwa na mtu mzima wa kweli kwenye turubai. Mtagundua kwamba watu wanne hawatoshi.

Wasimamizi wa njia wangapi, na bodaboda tunawazuiaje?

Mmoja kila njia panda, wawili penye kona ya kugeuka, na mmoja kila mita 300 penye mitaa mingi. Kwa mzunguko wa kilomita 5, andaa 30. Kila mmoja awe na kizibao cha kung'aa, kibendera chekundu, filimbi, na namba ya simu ya kamati iliyoandikwa nyuma ya mkono kwa kalamu ya wino usiofutika.

Bodaboda hazizuiliwi siku ya mbio, huzuiliwa wiki moja kabla. Nenda vijiweni, ongea na wenyeviti wao, wape ratiba, na uwape wachache kazi ya kulipwa: pikipiki ya mbele, ya nyuma, ya kubeba barafu. Hao ndio watakaowaambia wenzao. Siku yenyewe msimamizi asipige kelele. "Shikamoo mzee, mbio zinapita, dakika mbili tu nikuruhusu" inafanya kazi kuliko filimbi kumi. Pikipiki ya mbele ikae mita 30 mbele ya kiongozi. Ikikaribia zaidi anavuta moshi.

Kona ya kugeukia ndiyo sehemu ya kukatiza. Weka pale mtu wa kuandika namba na mwingine wa kugawa mikanda ya mpira. Asiye na mkanda mwishoni hana nafasi kwenye orodha.

Namba za kifuani na muda, bila mashine za chipu?

Inawezekana kwa watu 400. Namba chapishia kwa wachapaji wa mabango, kwenye turubai jepesi. Karatasi ya kawaida ikiloa jasho huchanika kwenye pini kufika kilomita 3. Pini nne kila namba, jumla 1,600, nunua 2,000. Chini ya kila namba acha kipande cha kuchana chenye namba ileile.

Baada ya mstari tengeneza njia ya kamba, upana wa mtu mmoja, urefu wa mita 25. Ndani yake watu hawapitani. Mtu wa kwanza na simu yenye programu ya saa anabonyeza kila mwili unapovuka. Wa pili anasimama mwisho wa kamba, anachana kipande na kukitunga kwenye waya, kwa mpangilio. Wa tatu anaandika namba na muda wa kila mtu wa kumi anayepita mstari. Huyo wa tatu ndiye wokovu wenu: kundi la katikati linaweza kuingia watu 15 kwa dakika, mbonyezaji atakosa mmoja, na bila alama za kila kumi hutajua kosa lilianzia wapi. Tumia saa mbili zilizowashwa pamoja, moja isiguswe kabisa. Sehemu ya sekunde hupandishwa: 41:07.2 inaandikwa 41:08.

Usajili na fulana?

Lipa Namba moja ya kamati, si ya mtu binafsi, na funga usajili siku 14 kabla. Saizi zinazotoka: kwa fulana 100, S 15, M 35, L 30, XL 15, XXL 5. Rangi nyeupe au ya bahari. Nyeusi inapendeza dukani tu.

Zawadi tugawe vipi?

Wanaume na wanawake sawa. Ukitangaza fedha nyingi, wakimbiaji wazuri kutoka Arusha, Manyara na Singida watakuja na kuzibeba zote, haki yao. Ndiyo maana tenga kundi la "mkazi wa mkoa", kwa kitambulisho cha NIDA na barua ya mtaa, lenye zawadi zake. Fedha ziwepo mkononi kabla ya kuzitangaza. Mdhamini aliyeahidi kwa mdomo hajaahidi.

Vyoo?

Tundu moja kwa watu 50, kwa hiyo nane. Omba shule iliyo jirani, imefungwa kwa likizo. Kila tundu ndoo ya maji na kopo, sabuni nje. Wengi watahitaji kati ya saa 11:30 na 11:55, wote kwa pamoja.

Mvua ikinyesha?

Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo itegemee. Mvua tupu ni neema, mbio ziendelee. Radi ndiyo ya kusimamisha: ukisikia ngurumo, watu waingie majengoni, si chini ya miembe wala mahema ya vyuma, na subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikifika saa 1:00 hamjaanza, punguzeni ziwe kilomita 5. Pikipiki ipite njia yote saa 11 kuangalia mchanga uliosombwa kwenye lami; ufagiwe, kwa sababu kwenye kona unateleza kuliko maji.

Watoto?

Kilomita 2, saa 1:50, baada ya wakubwa kumaliza na barabara ikiwa bado imefungwa. Chini ya miaka 8 na mzazi. Hakuna kupima muda, medali kwa wote, na kila namba iandikwe nyuma simu ya mzazi.

Barabara inafunguliwa lini?

Kipande kwa kipande, gari la nyuma linapopita, si yote kwa pamoja. Nyuma ya gari hilo waende vijana wanane na viroba vitupu wakiokota vikombe, na pikipiki moja ya kukusanya koni. Koni zikizidi nusu saa pale zilipo, zitapungua.